Pa Kumwacha Mbwa Mchana

Kazi yangu ni kuchoma watu sindano. Kwa miaka mingi nimekaa chumba cha chanjo cha kituo kimoja cha afya hapa Kigoma, na haipiti wiki bila kuletewa mtu aliyeumwa na mbwa. Mtoto aliyetumwa dukani, mzee aliyekuwa anakwenda kuswali alfajiri, muuza ndizi aliyeangushwa pamoja na baiskeli yake. Wanakunja suruali, nauangalia mguu, nauliza maswali yale yale: mbwa wa nani, amechanjwa, yuko wapi sasa hivi? Kwa hiyo asitokee mtu akaniambia kwamba naogopa bure.

Na bado nilikuwa na mbwa. Binti yangu ndiye aliyemleta nyumbani akiwa mdogo wa kutosha kulala ndani ya beseni, akampa jina la mheshimiwa mmoja ambalo silitaji hapa, kisha akapata kazi Dodoma, akaniachia. Rangi yake ni ya chai ya maziwa, sikio moja limesimama na jingine limelala. Binti alipokuwepo, alikuwa mpole kiasi cha kukera. Binti alipoondoka tu, akabadilika. Nikitoka asubuhi alilia mpaka narudi. Alitafuna ndala za wapangaji wenzangu, upande wa kushoto tu, sijui kwa nini. Alichana pazia, akachimba shimo chini ya mlango. Jioni alinirukia mpaka nikakaa chini na mkoba wangu. Nilianza kumkagua mdomo kila siku kama unatoa mate, ingawa kadi yake ya chanjo ninayo kabatini na tarehe zake zimo kichwani mwangu. Sikujua kama ni huzuni, ni tabia mbaya, au ni ugonjwa, na kila moja ya hayo matatu ilikuwa na saa yake ya kunisumbua.

Nimepanga mtaa wa Buzebazeba, kwenye ua wa bibi mmoja Mwislamu, mwenyeji wa Ujiji hasa, asiyekosa kipindi cha swala. Alasiri moja bibi ametoka kutia udhu, nami ndiyo kwanza naingia kutoka kazini, mbwa akachomoka chini ya mlango, akamkimbilia, akamgusa mkono kwa pua iliyoloa, akang'ang'ania pindo la kanga. Hakumwuma. Lakini bibi alirudi bombani, akaiosha ile kanga mara saba, ya kwanza kwa udongo kama alivyofundishwa utotoni, akajiosha mkono vivyo hivyo, akatia udhu upya. Mimi nilisimama pale nikihesabu naye kimya kimya, natamani ardhi inimeze.

Alipomaliza kuswali aliniita.

"Mwanangu," alisema, "mbwa wako simchukii, naye kaumbwa na Mungu. Lakini leo kanga, kesho mguu, na mguu wenyewe ndio huu wa kisukari. Mtafutie pa kushinda mchana. Nikimsikia tena analia kutwa nzima, au akimgusa mtu mwingine humu ndani, nitamwita bwana mifugo."

Bwana mifugo akiitiwa mbwa msumbufu, kila mtu mtaani anajua anakuja na nini. Naye ana sindano yake, na harudii dozi.

Basi nikaanza kutafuta. Cheka ukitaka. Mtu mzima, nesi mwenye sare, nazunguka mjini kuuliza nani anaweza kukaa na mbwa wangu mchana. Watu waliniangalia kama nimeulizia pa kumpeleka kuku shule. Mmoja aliniambia, "Mfunge kamba kwenye mti, nesi, ukirudi utamkuta." Ndiyo. Na majirani watakuta nini masikioni mwao?

Kwanza nilikwenda kwa askari mstaafu upande wa Ujiji, aliyesifika kwamba anajua kunyoosha mbwa. Alikuwa nao watano, kila mmoja chini ya mchikichi wake, mnyororo mfupi. Tulipita katikati yao, mgeni na mbwa mgeni, na hakubweka hata mmoja. Mzee alijivunia hilo. "Umeona adabu?" alisema. Niliona. Nilimwona pia mbwa wangu anajikojolea amesimama. Nikamwambia mzee nitafikiria, nikaondoka kwa mwendo wa mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka. Njiani nilijilaumu. Pengine adabu ndiyo hiyo, pengine mimi ndiye niliyemdekeza. Nilifika nyumbani bado nabishana peke yangu.

Pili nilimpeleka kwa mfanyakazi mwenzangu mwenye uwanja mpana. Siku moja tu. Aliua bata wawili.

Aliyenikubalia mwishowe alikuwa mtu ambaye sikumtarajia hata kidogo. Ni mama mmoja mtu mzima, mwanika dagaa wa Kibirizi, ambaye wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo kabla hajazaliwa. Alikuwa anakuja kwangu kuchomwa sindano, maana aliumwa na mbwa mwaloni. Siku ya dozi yake ya mwisho aliniona sina raha, akaniuliza, nikamwaga yote.

"Mulete," alisema, huku anasugua bega. "Kule kwetu kunguru ni mingi, inamaliza dagaa wangu."

"Mama, wewe si umeumwa na mbwa juzi juzi?"

"Yule mwingine. Huyu wako bado hajaniuma. Weye mulete tu."

Mwalo wa Kibirizi ni mahali ambapo mitumbwi huja asubuhi na dagaa waliovuliwa usiku kwa taa. Akina mama huwanunua, huwaosha, huwatandaza juu ya vichanja, yaani meza ndefu za miti na wavu, wakauke kwa jua. Na kunguru wa Kibirizi hawana haya. Wanakaa pembeni, wanakuangalia usoni, wanachukua.

Nilipata dereva mmoja tu wa bajaji aliyekubali kumpakia mbwa, kwa sharti nimfunge kitambaa mdomoni. Tukafika. Mama akamfungua kitambaa, akafungua na kamba, akampigia makofi kunguru aliyetua kwenye kichanja. Mbwa akamtazama yule kunguru, akamtazama mama, akaondoka kama risasi. Alibweka ufukwe mzima, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuna aliyemwambia nyamaza. Akina mama wengine walishangilia.

Ungedhani nilitulia. Wapi. Siku ile nilimchoma kijana mmoja sindano kwenye mkono aliokuwa ameshachomwa, na nikalazimika kumwomba radhi. Nilipiga simu mwaloni saa tatu, saa nne na nusu, saa sita. Amekula? Kuna watoto hapo karibu? Amemkoromea mtu? Amekula dagaa? Mama alijibu mbili za kwanza. Ya tatu alisema, "Nesi wangu, nina mikono ya samaki," akakata. Wiki nzima nilikuwa hivyo. Kila mgonjwa aliyeingia ananikunjia suruali, moyo ulinipasuka kabla sijauliza ameumwa wapi. Nikisikia "Ujiji" nashusha pumzi. Siku moja mmoja alisema "Kibirizi" nikakaa kitini. Ilikuwa mbwa mweusi.

Lakini uani kukawa kimya. Jioni mbwa alirudi ananuka dagaa, amechoka, analala palepale mlangoni. Jumamosi na Jumapili tu, tukiwa wote nyumbani, ndipo alipohangaika tena. Anazunguka chumba, anasimama, anaangalia upande wa ziwa. Nilimpa mifupa, nikamwimbia, ndiyo, nilimwimbia. Alikuwa ananivumilia, na niliona wivu. Nasema wazi. Nilimwonea wivu mwanamke aliyenisaidia.

Kisha ikaja ile asubuhi.

Tulifika Kibirizi kama kawaida, bajaji ikaondoka, nikageuka na kukuta hakuna mtu. Vichanja vitupu. Mitumbwi imevutwa mchangani, nyavu zimeanikwa, kunguru wenyewe wachache na wanyonge. Ilinichukua muda kuelewa, na nilipoelewa nilijipiga paji la uso. Mbalamwezi! Mwezi ukiwa mpevu maji yote yanang'aa, dagaa hawaifuati taa, wavuvi wanapumzika siku kadhaa, na asiye na dagaa wa kuanika anakwenda kwao. Kila mtoto wa Kigoma analijua hilo kabla hajajua kusoma. Baba yangu alikuwa mvuvi. Nilikulia kwenye ratiba hiyo. Siku hizo za mwanga ndizo tulizomwona baba mchana akiwa macho. Lakini nimezoea kununua dagaa sokoni kwa bakuli, na nikasahau kwamba kuna mwezi. Mama hakuniambia, kwa sababu nani Kigoma anaambiwa jambo hilo?

Nikampigia. Namba haipatikani. Saa mbili kasoro, na chumba cha chanjo ninacho ufunguo mimi. Kumrudisha nyumbani ni kumrudisha kwenye kilio, na kilio ni bwana mifugo. Nilifanya jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka nabadilisha mada. Nilimfunga kwenye mguu wa kichanja, nikamwachia maji kwenye kopo, nikaenda kazini.

Alilia. Nilimsikia mpaka barabarani.

Saa saba nilipopata nafasi nilirudi mbio. Kopo lipo. Kamba ipo, haikutafunwa, imefunguliwa fundo. Mbwa hayupo. Niliita lile jina la mheshimiwa kwa sauti kubwa ufukwe mzima, na sikujali. Nilichungulia chini ya mitumbwi. Nilitazama hata majini. Mwishowe mkata tiketi wa boti za kwenda vijiji vya kaskazini akanihurumia.

"Mama wa dagaa ndiye kamfungua. Alikuja kupanda boti ya Mwamgongo kwa wajukuu zake, kamkuta hapo juani analia. Kapanda naye. Kasema simu yake haina chaji, nikikuona nikuambie."

Nilimshukuru. Kisha nikawa na hasira kweli kweli, na sikujua nimkasirikie nani, kwa hiyo nikamkasirikia mkata tiketi kwa kutonitafuta.

Siku zile nne sikulala vizuri wala sikula vizuri. Mwamgongo iko mbele ya hifadhi ya Gombe, hufiki ila kwa maji, na simu huko hushika pale inapotaka. Kichwani mwangu nikamwona mbwa wangu anaruka ukingo wa boti. Nikamwona anafukuza nyani wa hifadhini na kuchanwa tumbo. Zaidi ya yote niliona mguu wa mtoto, mguu mdogo, na mimi nauliza maswali yangu: mbwa wa nani? Binti alipiga simu akauliza, "Mama, shikamoo, mbwa hajambo?" Nikasema hajambo, ameshiba, amelala. Bibi mwenye nyumba aliniuliza mbona kimya, nikasema yuko kwa watu.

Siku ya tano, wavuvi wakianza kurudi ziwani, nilikuwa Kibirizi kabla boti haijaonekana. Ilipofika nilimwona amesimama mbele kabisa, miguu miwili juu ya gunia la muhogo, sikio limesimama, kama yeye ndiye nahodha. Nyuma yake mama, na wajukuu zake wawili wamemshika mbwa mkia. Mkia! Nilifumba macho. Nilipofungua bado wameushika.

Akaruka, akaja kwangu, akaniloanisha uso mzima, na nililia bila aibu mbele ya abiria.

"Mwakeye," mama alinisalimu kwa Kiha, kwa kunitania, kwa kuwa Kiha chake ni hicho tu.

"Amemwuma nani?" ndilo jibu langu.

"Hakuna. Amelala na hawa watoto. Kulia hajalia." Akanitazama. "Nesi wangu, weye umekonda."

Alijitwisha gunia lake akaanza kuelekea kwenye vichanja, na wajukuu nyuma yake. Mbwa akanyanyuka, akawafuata. Baada ya hatua kama kumi akasimama, akageuka kuniangalia, akasubiri. Hakuwa ananiaga. Alidhani na mimi naja.

Pale ndipo nilipopiga hesabu niliyokuwa naikwepa. Mbalamwezi itarudi, na itarudi tena, na kila ikirudi mama atapanda boti. Siku hizo mbwa ama atakuwa naye, ama atakuwa peke yake kwenye chumba changu analia mpaka aitwe mwenye sindano. Na mimi nilitaka arudi nyumbani, awe mlangoni jioni nikiingia, kwa sababu hakuna mwingine. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu, wala haikumhusu yeye.

Nikamfuata mama. Nilikuwa nimetafuta mji mzima pa kumwacha mchana. Nikausikia mdomo wangu unasema:

"Mama, akae na usiku pia."

Hakushangaa. Alishusha gunia. "Una hakika?"

Nilianza kumwambia kwamba radi anaiogopa, siku ya radi amfunike kitu kichwani. Kwamba asipewe miiba ya samaki, hasa migebuka, inamkwama. Kwamba kuharisha kwake hutibika kwa uji mwepesi, kwamba chanjo yake inayofuata nitakuja mwenyewe kumkumbusha, kwamba ukimkuna nyuma ya lile sikio lililolala anafumba macho.

"Hayo yote najua, nesi wangu," mama alisema taratibu.

Nilijua anajua. Nikaendelea tu kumwambia.