Marehemu Yuko Jikoni

Kazi yake ilikuwa kuuza sabuni za kufulia mbele ya duka kubwa, kipaza sauti mkononi, na kila siku alimuua mama yake mara nane.

Wenzake walimwita Machozi. Zamani alitangaza povu na manukato tu, na watu wakampita kama nguzo ya umeme. Ndipo msimamizi wa mauzo, bwana mwenye ulimi wa asali, alipowakalisha akawafundisha kwamba hakuna anayenunua sabuni. Watu hununua mama zao. Akamuuliza Machozi habari za mama yake. Machozi akaeleza kwamba mama alifulia watu miaka ishirini ili yeye asome, mpaka magadi yakamla vidole.

"Yuko hai?"

"Yuko."

"Basi muue. Mama aliye hai hauzi kitu."

Akamuua. Alisimulia mikono iliyochanika, na jinsi marehemu angepona laiti angeipata sabuni hii laini. Wanawake wakatoa leso, kisha wakatoa pochi. Jioni alirudi nyumbani, marehemu akampakulia chakula na kumuuliza kama ameshiba. Na yeye, bila haya, akaomba aongezwe.

Siku moja alisahau sweta, na mama akamfuatia nalo. Alifika katikati ya maziko yake mwenyewe. Akasikiliza mpaka mwisho, sweta kifuani. Mteja mmoja akamuuliza Machozi yule mzee anayemtazama hivyo ni nani.

Machozi alimtazama mama yake usoni. "Huyo? Dobi wetu."

Ila msimamizi alikuwa ameiona ile mikono ya mama, na macho yakamtoka kama ameokota pochi njiani. Akamvuta mbele, akampa kipaza sauti, akamwomba aseme lolote la moyoni. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Huyu hakuhitaji mafunzo.

"Nilikuwa na binti mmoja," mama alisema. "Nimefua nguo za watu ili asome. Amekufa leo."

Watu walilia. Sabuni zilikwisha, hata zile za kupamba dirisha. Machozi naye alilia, mara hii bila kufundishwa, mpaka mteja akamshika bega akamwambia ajikaze, kwani hata hakumjua marehemu.

Kabla duka halijafungwa, msimamizi alimvua Machozi aproni ya kazi akamvisha mama. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na sitasema namhurumia.

Nyumbani Machozi alikuta sahani moja mezani, na mama anakula. Alipiga magoti, akaomba radhi, akaita mama, mama, mpaka sauti ikamkauka. Mama alitafuna taratibu, akameza, wala hakugeuka. Jirani aliyekuwa akipita alichungulia mlangoni, akauliza mbona leo amekula peke yake.

"Nimefiwa," mama akamjibu, akainuka kuosha sahani.