Manyetofoni Chini ya Kitambaa

Wazazi wetu walipofariki, niliacha shule ili mdogo wangu aendelee. Mimi niliuza ndagala, vile visamaki vidogo vya ziwani, mtaani Kimanga. Yeye alivaa kaptura niliyoipiga pasi, akaenda chuo cha ualimu. Jioni alirudi na Kifaransa mdomoni, nami nikageukia sufuria asione nilivyonuna.

Baada ya uhuru chuo kililetewa manyetofoni, mashine ya utepe iliyosema Kifaransa kama Mzungu aliyeketi chumbani. Ilikuja kwa ajili ya mtihani wa kuzungumza, na aliyeshindwa mtihani ule alifukuzwa. Lakini profeseri wa Kifaransa aliifunika kitambaa cha meza, akaendelea kuwakaririsha wanafunzi ubaoni.

"Yaya, iko pale tu," mdogo wangu alilalamika. "Ameweka na maua juu yake!"

Kwetu mtu haendi kuomba mikono mitupu. Jumapili, baada ya misa, nilimpelekea profeseri mikeke mibichi, samaki wanono wa ziwa letu. Aliwatazama wale samaki, kisha mimi.

"Weye unakuja kuninunua na samaki?"

"Nimekuja kuomba uifunue ile mashine, mwalimu. Mdogo wangu hana baba wa kumsemea."



"Kifaransa minye nilikipata kwa kiboko, nimepiga magoti. Hawa wakipate wamekaa kwenye kiti? Na ile mashine ikishasema, nani atanisikiliza tena, na matamshi yangu haya?"

Nilikuwa nimejiandaa kumkasirikia. Hasira haikuja, kwa sababu maneno yale niliyajua. Mimi pia nilitamani mdogo wangu aumie kidogo pale nilipoumia.

"Mwalimu, minye niko na wivu naye kukupita weye," nikasema. "Lakini kila asubuhi ninamukorogea uji."

Alicheka mpaka akafuta macho. "Muanamuke mukali!" Mikeke akaichukua.

Wiki ile kitambaa kiliondolewa. Nilipita na beseni langu kichwani, nikachungulia dirishani. Profeseri alikuwa ameketi kwenye dawati kati ya wanafunzi wake, mgongo wima, akirudia kila sentensi pamoja nao.

Mdogo wangu alifaulu. Uasi wa kuipinga serikali ulipofika mjini, chuo kilifungwa, tukakimbilia milimani. Mashine ile hatukuiona tena. Kule aliwakusanya watoto wa wakimbizi akawafundisha Kifaransa kwa matamshi yale ya kwenye utepe, bila kiboko. Nililima mihogo karibu nao nipate kusikia. Wivu ulikuwa bado unanichoma. Jua lilipopanda niliacha jembe, nikaenda kumpikia mdogo wangu mwalimu.