Bunduki ya Mahari Yangu

Wasichana wenzangu wa mtaa wa Kenya, mjini Elisabethville, waliposwa kwa nguo, mbuzi na baiskeli. Mimi niliposwa kwa bunduki. Siyo kwamba nilikuwa mrembo kuliko wao. Baba yangu ndiye aliyekuwa na kiburi kuliko baba zao. Alikuwa amefanya kazi ya reli tangu ujana wake, mkataba ulikuwa unakaribia kwisha, na alitaka kurudi kwao Pweto kabla ya mvua. Kwao, mwanamume akirudi kutoka kazi za Wazungu bila bunduki, watu humuuliza alikwenda kufanya nini. Tena kwa ukoo wake bunduki iliingia katika mahari ya binti wa kwanza tangu enzi za babu zake, wakati wa bunduki za kushindiliwa baruti. Basi kila aliyekuja kubisha hodi kwa ajili yangu aliambiwa vilevile: vingine tutazungumza, bunduki hatuzungumzi.

Waliokuja wakarudi walikuwa wengi. Aliyebaki alikuwa karani wa ghala moja mjini, kijana mrefu, mpole, mwenye kupenda makaratasi ya Kifaransa kama wengine wanavyopenda pombe. Alikuwa amepewa nyumba Katuba, mtaa ambao siku zile ulikuwa bado unanuka saruji mbichi. Nilimpenda. Nasema hivyo waziwazi sasa, maana wakati ule hakuna aliyeniuliza.

Mtu mweusi hakununua bunduki kama anavyonunua sabuni. Ilibidi kwanza apewe permis, yaani kibali, na serikali, kwa jina la yule atakayeimiliki, na permis moja ilikuwa ya bunduki moja. Baba alipewa yake kwa sababu ya utumishi wake mrefu. Mchumba wangu akalipa dukani, bunduki ikaandikwa jina la baba. Ilikuwa ya mitutu miwili, mpya, imetoka Ulaya ndani ya sanduku, inang'aa mafuta. Pamoja nayo ilikuja karatasi ya garanti. Mchumba wangu alinisomea karatasi ile pale kwenye bomba la maji, tulipokutana kama kwa bahati, akanitafsiria kwa furaha: kiwanda kitatengeneza bure kila kitakachoonekana kibovu, mradi asitokee mtu wa kuifungua, kuikata wala kuitoboa.

"Unaona?" aliniambia. "Bazungu banajua kuheshimu mununuzi."

Jumamosi iliyofuata baba alikaa uani, akapasha moto msumari mnene kwenye makaa, akaanza kutoboa kitako cha bunduki.

Hakuwa na wazimu. Kwa wawindaji wa kwao, bunduki haipigwi kabla haijatiwa dawa. Bila dawa ni fimbo ya chuma tu, tena fimbo inayoweza kumgeukia mwenyewe. Kaka yake mkubwa alikuwa amemtumia kutoka Pweto kitu kilichofungwa kwenye jani kavu. Baba alikishindilia ndani ya tundu, akaziba kwa nta, akafuta kwa kiganja taratibu, kama mtu anavyompangusa mtoto uso. Mimi nilikuwa nachekecha unga karibu yake, nikakumbuka ile karatasi: asitokee mtu wa kuitoboa.

Mchumba wangu aliingia uani wakati uleule, kaleta samaki kutoka sokoni kama ilivyompasa. Alisimama mbali. Aliona msumari, aliona moshi unaotoka kwenye mbao, na nikamwona anafumba macho. Kisha akapiga goti, akapiga makofi ya salamu, akaangalia chini. Kwetu mkwe hamtazami baba mkwe usoni, hali naye chakula, na kumkosoa ni jambo ambalo hata mlevi halifanyi. Akaweka samaki, akaondoka.

Nilimkimbilia kwenye bomba la maji.

"Uliona! Kwa nini haukusema?"

"Niseme nini? Miye niko mukwe. Nitamuambia baba mukwe 'wacha'? Siku ileile atanirudishia mali yangu."

"Tuma muntu basi."

"Nitume muntu kwenda kusema eti mukwe anamufundisha baba? Ndiyo ile ile tu." Akanikamata mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya barabarani. "Bunduki iko mupya. Haitaharibika. Usiogope."

Nilimwambia mama. Mama aliendelea kukoroga sufuria ya ugali, akajibu bila kugeuka: "Dawa ya bunduki haiko maneno ya banamuke. Tafuta kuni, bukari itakuwa mubichi."

Bunduki ya mahari hupokelewa kwa kupigwa mbele ya pande zote mbili. Mjini hilo lilikatazwa, kwa hiyo wazee walitoka asubuhi hadi porini, mbali na nyumba za mwisho, nasi wanawake tukafuata nyuma na vyungu. Baba alipiga mtutu wa kushoto. Bunduki ililia, ndege wakaruka, shangazi zangu wakapiga vigelegele, na mimi nikajisikia mke wa mtu. Akapiga wa kulia. Ka. Akafungua, akatia risasi nyingine. Ka. Akatia ya tatu, akajaribu tena, na tena, mpaka jasho likamtoka puani. Ka.

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja wa upande wetu alikohoa, akasema: "Basi, ni nusu."

Neno lile lilinifuata hadi nyumbani. Kabla ya jua kutua mtaa mzima ulikuwa unajua, na mashoga zangu kwenye bomba walinipisha foleni kwa dhihaka: "Mupisheni mwanamuke nusu, anabeba ndoo nusu." Padri alikuwa ameshatangaza ndoa yetu kanisani, lakini hakufungisha ndoa mpaka baba wa binti aseme mahari imetimia. Alipomuuliza baba, baba alisema, "Bado." Nguo yangu ya harusi ikarudi sandukuni.

Bunduki ikarudishwa dukani. Mwenye duka, Mzungu mnene asiyekuwa mtu mbaya, alikitazama kifyatuo, akavuta, akatikisa kichwa, akasema garanti ipo, itakwenda kiwandani. Kitako hakukiangalia, au alikiangalia akaona nta akadhani ni rangi ya mbao. Ikapanda treni ya Lobito, na kutoka huko ikapanda meli. Nasi tukaanza kungoja.

Kungoja kitu kilichokwenda Ulaya si kungoja kama kungoja mvua, maana mvua unaweza kutazama juu. Sisi tulitazama dirisha la duka. Watu weusi hawakuingia kwa mlango wa mbele. Tulihudumiwa kwa dirisha la pembeni, na baba alisimama pale kila alipopata nafasi, kofia mkononi, akaambiwa bado. Mchumba wangu alikwenda siku zake, ili wasikutane, akaambiwa bado. Nyumbani baba alianza kufunga mizigo ya Pweto. Alisema bila ukali wowote, kama anayezungumzia masufuria, kwamba bunduki isipokuja imepona kabla ya safari, nami nitapakiwa. Nililia hadi nikachoka na sauti yangu mwenyewe. Nilimchukia baba, nikachukia meli, nikachukia kipande kile cha chuma kilichokataa kugonga pale kilipotakiwa kugonga. Lakini kuchukia hakukuleta chochote.

Hatimaye habari ikaja kwamba sanduku limefika. Baba alivaa koti. Kwa kuwa mwenye duka alizungumza Kifaransa tu na baba alikijua kile cha amri za kazini, mchumba wangu aliitwa kuwa mkalimani, akasimama pembeni ya baba mkwe wake, kichwa kimeinama. Mimi nilichukuliwa kwa ajili ya kubeba sanduku kichwani wakati wa kurudi. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba ningelibeba hadi Pweto.

Mwenye duka aliitoa bunduki akaigeuza. Pale kwenye kitako palikuwa na tundu tupu, safi, limesafishwa mpaka ndani. Akatia kidole chake pale na kuanza kuzungumza. Mimi nilikuwa nimesoma kidogo kwa masista, nikaelewa ya kutosha. Alisema kiwanda kimekuta silaha imetobolewa. Alisema aliyetoboa ndiye aliyeua garanti. Alisema silaha iliyochezewa hawaigusi, imerudi ilivyokwenda, na yeye kama mwenye duka haipokei tena.

Baba aligeuza sikio kidogo. "Anasema nini?"

Maneno ambayo mchumba wangu alipaswa kuyatafsiri yalikuwa haya: wewe, baba mkwe, ndiye uliyeharibu. Nilimwomba Mungu ampe mdomo mchafu kwa dakika moja tu.

"Anasema," akaanza, akitazama viatu vyake, "bafundi ba Ulaya balijaribu. Balishindwa."

"Balishindwa?"

"Ndiyo, baba. Balishindwa."

"Na dawa yangu balipeleka wapi?"

Mchumba wangu alimgeukia mwenye duka, akamuuliza jambo jingine kwa Kifaransa kizuri: kama yeye mwenyewe angeweza kulipia matengenezo. Mwenye duka akasema haiwezekani, akafunga dirisha.

Tulirudi kwa miguu, sanduku kichwani kwangu. Baba alitembea mbele, na kila alipopumua alisema peke yake, "Balishindwa." Tulipofika nikatua mzigo, nikapiga moyo konde, nikamwambia yote: tundu, garanti, maneno ya Mzungu. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakunipiga. Aliuliza tu:

"Bwana yako alisema vile?"

"Hapana, baba, aliogopa..."

"Basi mumoja wenu iko mwongo. Ni wewe, ao ni yeye? Kama ni yeye, siwezi kumupa mutoto wangu muntu ya bongo, ya kudanganya."

Ningejibu nini? Nikisema mimi ndiye mwongo, bunduki ilizaliwa mfu na mahari haijatimia. Nikisema ni yeye, harusi imekwisha. Nikanyamaza, na baba akahesabu ukimya wangu kuwa jibu: mwongo ni mimi.

Kuanzia hapo hapakuwa na mlango uliofunguka. Mchumba wangu alituma wazee wake waseme fundi wa mjini aiangalie. Baba akasema, kitu kilichowashinda wenye kukitengeneza, fundi wa hapa atakiwezea wapi? Wakasema italetwa nyingine. Permis ilikuwa ya bunduki moja, na hiyo moja duka halikuitaka tena. Wakachoka, wakasema basi turudishieni ya kwetu, binti yenu abaki. Hata hilo halikuwezekana, maana bunduki ilikuwa na jina la baba, na kumpa mtu asiye na permis kulikuwa kumpeleka gerezani. Mahari haikukubalika, haikubadilishika, haikurudi. Mimi nikawa palepale ilipokuwa.

Mchumba wangu alikuja kuniaga lori lilipokuwa linapakiwa. Alisimama mbali kwa heshima, kwa sababu baba alikuwepo. Tuliangaliana juu ya magunia. Nilitaka kumrushia kitu. Nilitaka apige kelele mbele ya watu wote, aseme ukweli, hata kama ungetuachanisha, maana tulikuwa tunaachana hata hivyo. Akapiga goti, akapiga makofi, akasema, "Mufike muzuri, baba."

Pweto, baba alitia dawa mpya katika tundu lilelile. Haukupita muda mrefu akatoka alfajiri, na kabla ya saa sita nikasikia bunduki inalia upande wa mto. Alirudi na swala begani, kamuua kwa mtutu wa kushoto. Watu walikuja kumtazama mwenye bunduki ya kisasa, wakala, wakamsifu. Nilingoja waondoke.

"Baba, bunduki iko nalia."

"Iko nalia."

"Basi mali ilitimia. Tuma habari kwa bale ba Katuba."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Kulia iko kulia. Lakini mudomo mumoja ulikufa. Unajua ile."

Nilituma habari mwenyewe, kwa mama mmoja aliyepeleka samaki wakavu Elisabethville. Nilimpa maneno machache: mwambie bunduki inaua, aje. Aliporudi alinikuta ziwani nafua. Aliweka kikapu chini, akaketi kwanza, hapo nikajua. Alisema nyumba ya Katuba ina mke, mtu wa karibu tu, aliyeposwa kwa nguo na mbuzi. Alisema mwanamume alipoyasikia maneno yangu aliingia ndani, akakaa sana, akatoka akanunua samaki wake wote.

Nilikuwa bado nimeshika nguo ya baba, inachuruzika maji, niliposikia baba ananiita kutoka juu kwa sauti ya furaha, nilete karai na kisu, ameua nguruwe. Nikaisuuza, nikaikamua, nikapanda. Nani mwingine angekwenda?