Sindano Niliyoikataza

Mdomo wangu uliniponza, na sikuponzeka peke yangu.

Miaka ile kila kitu kilianza kulipiwa, hata kumwona daktari. Ndiyo maana sindano ya bure ya pepopunda kwa wajawazito niliitilia shaka, nikamkataza mke wangu asichomwe, na majirani nikawaonya vivyo hivyo. Mtoto alipozaliwa mzima, nikavimba kichwa kwa majivuno. Kwenye foleni ya kupima pamba, hapa Bariadi, nikamnyanyua juu.

"Mama yake hakuchomwa sindano! Mwangalieni!"

Mke wangu akachomoa kadi ya kliniki.

"Baba Limi, nilichomwa mara mbili. Mama yako ndiye aliyenipeleka."

Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka kuficha aibu. Jirani yangu Masanja hakucheka.

"Mke wangu nilimzuia kwa maneno yako," akasema. "Kajifungua jana, na mtoto hana kinga."