Uji wa Sella

Naandika juu ya Sella, mama wa Kawangware anayefulia watu nguo, ingawa sijawahi kumpenda. Ni mama mkwe wa mtoto wangu Billy. Binti yake Trizah yuko Qatar kwa kazi, na Billy, mume wake, amebaki hapa mtaani Gatwekera na mimi.

Billy alipoanza kuumwa kichwa nilimpa Panadol wiki mbili. Shingo ikakauka, mwangaza ukawa unamchoma macho, tukaziba dirisha na blanketi. Sella akasikia, akaanza kuja kwa miguu na uji kwenye thamosi. Kwetu na kwao mama mkwe haingii pale mkwe amelala, kwa hivyo aliketi nje juu ya mtungi wa plastiki, wakaongea ukuta wa mabati ukiwa katikati. Uji wangu Billy alisema unanuka moshi. Wa Sella alimaliza akalamba kifuniko. Mimi ndiye nilikuwa namuosha, lakini akicheka, anacheka na mabati.

"Mama Billy, hiki kichwa si cha Panadol," Sella akaniambia siku moja.

"Wewe umekiona? Si umekaa nje."

"Sauti nimeisikia. Leo ameniita Trizah."

Mimi alikuwa ameniita mwalimu wake wa darasa la tatu. Hilo sikumwambia.

Tukampeleka hospitali. Daktari akasema anashuku kuvu imeingia kwenye utando wa ubongo, kwa sababu Billy alikuwa ameacha tembe zake za HIV na mwili ukakosa nguvu. Wanataka kumchoma sindano mgongoni, watoe maji wapime, na presha ya kichwa ishuke. Akanipa karatasi niweke sahihi. Jina langu najua kuandika. Lakini niliikunja nikaificha kifuani, maana Gatwekera nzima inajua ukichomwa uti wa mgongo unakufa, ama miguu inakufa.

Sella alikuwa kwa korido, ameupa mlango mgongo asimwone mkwe.

"Weka sahihi, Mama Billy."

"Kwani wako alichomwa?" nikamuuliza. Mume wake Khaemba alikufa zamani, na hakuna mtu humtajia. Nilijua hilo nikiuliza.

"Hakuchomwa. Kichwa kama hiki, shingo kama hii. Mimi ndiye nilikataa sindano nikamrudisha nyumbani. Alimaliza siku nne."

Alisema hivyo kama anaeleza doa lililokataa kutoka kwa shati la mtu. Nikatoa karatasi. Iliniuma kwamba yeye ndiye alijua na mimi sikujua. Niliandika Nereah polepole, herufi moja moja, nikimfanya angoje.

Maji yalitoka kwa nguvu. Walipoyapima wakaipata hiyo kuvu, wakamwekea dripu ya dawa. Jioni Billy alifungua macho bila kujifunika uso.

"Mathe," akasema. Nikainama karibu kabisa. "Mathe, Mama Trizah amekula?"

Sasa yuko nyumbani, anameza dawa ya kuvu na zile tembe zake, na miguu yake inatembea. Sella bado anakuja. Mtungi nimeutoa, nikampa stuli yangu mwenyewe, sitaki kusemwa. Lakini huwa naiweka mbali kidogo na mabati, ndio waongee kwa sauti na mimi nisikie.