Wa Mwisho Kutoka Azime

Shangazi alikubali kuhamia banda la bustani kwa sharti moja tu, na alilitaja mbele yetu sote sebuleni, ameshika kikombe cha chai ambacho hakukigusa. Umeme wa banda uwe na swichi yake na maji yawe na koki yake, mlemle bandani, mkononi mwake. Baba akasema hilo halina shida. Mama akasema, "Wifi, hilo nalo ni la kuomba?"

Alikuwa na miaka sitini na mbili. Thelathini na mitatu kati ya hiyo alikuwa fundi umeme wa kiwanda cha sabuni, mwanamke peke yake katika karakana nzima, na wanaume waliomcheka mwaka wa kwanza ndio waliomfuata mbio kila mashine zilipozimika. Alipostaafu alikuja kwetu kumuuguza Bibi. Kwa miaka tisa alimgeuza, akamwogesha na kumlisha katika chumba cha nyuma. Bibi alipofariki, ghafla chumba kikaonekana kikubwa mno kwa mtu mmoja. Kaka yangu alikuwa anahamia kwetu mwisho wa mwezi na mkewe na mtoto, hivyo kikaitwa kikao. Mapazia ya chumba kile yalijadiliwa kwa muda mrefu zaidi kuliko mtu aliyekuwa akitolewa humo.

Banda liko nyuma kabisa, ukipita matuta ya mboga. Lina ukuta wa matofali, bati na dirisha moja, na humo tulikuwa tunaweka majembe, makopo ya rangi na kitanda kilichovunjika mguu. Shangazi alipima mwenyewe kwa kamba, kisha akachora kwenye karatasi: mtaro wa kufika gotini kutoka ukuta wa geti, zilipo mita zote mbili, ya umeme na ya maji, bomba upande huu, kebo nene upande ule, udongo wa kutosha katikati, na juu ya kebo safu ya matofali, ili siku mtu akilima, jembe lake ligonge tofali kabla halijagonga umeme. Kebo alikuwa nayo. Ilikuwa zawadi ya kuagwa kutoka kwa wenzake wa karakana, waliomjua vizuri kuliko sisi.

Baba aliikunja karatasi akaitia mfukoni mwa shati. Shangazi alipokwenda hospitali kuangaliwa goti, Baba akamleta fundi mmoja wa kuokoteza. Fundi yule alivuta waya mweupe wa ndani kutoka soketi ya jikoni, akaupitisha juu ya uzio kama kamba ya kuanikia nguo, akaunga bomba jembamba chini ya sinki na kulifukia kwa udongo wa kuzugia macho. Kufikia alasiri taa ya banda iliwaka na maji yalitoka. Baba alimngoja dada yake getini, anatabasamu kama mtu aliyenunua gari.

"Injinia, njoo uone," akamwambia.

Shangazi aliutazama waya, akalitazama bomba, akasema asante. Baadaye aliniambia kwamba katika miaka yake yote ya kazi hajawahi kufanya kosa kubwa kama asante ile.

Nyumba yetu ina sheria moja. Baba na Shangazi walipokuwa wadogo, pasi iliyosahauliwa iliunguza meza na nusu ya pazia, na tangu siku hiyo Bibi akaamuru: wa mwisho kutoka azime, afunge. Kwa hiyo Shangazi, alipoifunga nyumba hii umeme enzi za ujana wake, aliweka swichi kuu kando ya mlango wa mbele, akamwambia fundi bomba aweke koki kuu ya maji chini yake, ili mama yake amalize yote mawili amesimama pale pale. Mkono juu, mkono chini, mlango. Tunafanya hivyo sote bila kufikiri, kama mtu anavyofumba macho akipiga chafya.

Jumatatu, siku ya kwanza ya Shangazi bandani, Baba alitoka wa mwisho. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi na Shangazi alikuwa na sabuni usoni. Bomba likakohoa, likanyamaza. Taa nayo ikazimika. Alipapasa mpaka nyumba kubwa akakuta imefungwa, na ufunguo wake alikuwa ameombwa wiki iliyopita ili mke wa kaka achongewe wa kwake. Haukuwa umerudi. Alinawa uso kwa maji ya ndoo ya mboga, akakaa hivyo mpaka saa kumi na moja jioni.

Nilikuwepo Baba aliporudi. Shangazi alikuwa amesimama kwenye ngazi.

"Umezima," akasema.

"Sasa dada, nyumba haikuwa na mtu."

Alilisema vivi hivi, kama unavyosema jana ilinyesha.

"Na mimi ni nani? Jembe?"

Baba akacheka kidogo, akaona hakuna wa kucheka naye. Akaomba radhi. Akasema mazoea yana taabu, akaahidi kwamba halitatokea tena. Kuhusu mtaro, akashauri tungoje kwanza kaka ahamie, mambo yatulie. Shangazi akauliza karatasi yake iko wapi. Ilikuwa imefuliwa pamoja na shati.

Jumanne Baba alikumbuka, na jioni akajisifu kwa kukumbuka. Shangazi aliendelea kula, hakuinua macho.

Jumatano wa mwisho kutoka nilikuwa mimi. Nilikuwa narudisha vitabu maktaba, na akili yangu ilikuwa ndani ya kimoja ambacho sikutaka kukiachia. Mkono juu, mkono chini, mlango. Nilikumbuka nikiwa kwenye foleni ya maktaba, vitabu mikononi. Mimi ambaye siku mbili nzima nilikuwa nimemkasirikia Baba kimoyomoyo, nikimtungia hotuba ambazo nisingethubutu kuzitoa.

Nilirudi mbio. Nikiwa nje ya geti nilisikia sululu. Shangazi alikuwa ameikata katikati njia ya saruji iendayo mlangoni, njia ambayo Baba aliimwaga kwa mikono yake mwaka jana, na alikuwa ndani ya mtaro, goti lake bovu limefungwa kitambaa. Redio ya jirani, aliyoahidi kumaliza kuitengeneza siku hiyo, ilikuwa wazi juu ya meza bandani, na chuma cha kulehemu kilikuwa kimepoa kando yake.

"Ni mimi, shangazi," nikasema.

Hakupaza sauti. Ningependelea apaze.

"Hata wewe," akasema. "Wewe unayesoma." Akapiga sululu mara mbili. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Leo ndiyo ya tatu. Nimeona mnachelewa kunipa, nimejichukulia."

Nilinyoosha mkono nimpokee sululu, akakataa. Matofali aliniruhusu kubeba.

Baba alirudi akakuta njia yake vipande viwili. Alisema mengi: kwamba saruji imepanda bei, kwamba majirani wataona anamchimbisha mitaro dada yake mkubwa, kwamba yeye alitaka tu awe huru huko nyuma, na kumbe wema hauna shukrani. Shangazi alimwacha amalize. Kisha akapanda kutoka mtaroni, polepole kwa sababu ya goti, akasimama mbele yake na udongo mpaka kwenye nyusi.

"Uhuru gani wa kuwashwa na kuzimwa?" akamwuliza. "Miaka tisa nilipokuwa namgeuza mama, nyumba ilikuwa na mtu. Aliyekufa ni mama, mdogo wangu. Mimi nipo."

Baba aliketi kwenye ngazi. Kutoka dirisha la jikoni Mama akasema, bila kumtazama yeyote, "Mrudishie wifi ufunguo wake." Baba akautoa mfukoni. Ulikuwa humo muda wote.

Ilimchukua siku tano. Alilaza bomba, akalaza kebo, akapanga matofali moja baada ya jingine, akafukia na kushindilia kwa miguu. Waya mweupe aliuchomoa mwenyewe, akauzungusha vizuri, akauweka mezani kwa Baba kama mtu anayerudisha sahani ya jirani. Baba alipoleta saruji kuziba njia, Shangazi alimkataza. Alisema kovu lile libaki. Anayetoka ajikwae.

Na tunajikwaa. Jumatatu iliyofuata nilimwona Baba akitoka wa mwisho, mimi nikiwa nimetangulia getini. Mkono juu, mkono chini, mlango. Alipofika kwenye kovu akasimama, akageuka kutazama kule nyuma. Taa ya banda ilikuwa inawaka mchana kweupe, na maji yalisikika yakijaa ndoo. Baba, mtu asiyeweza kuvumilia taa ikiwaka mchana, akaliruka kovu akanifuata getini.

Kaka amehamia, chumba kina mapazia mapya. Shangazi anapika kwake. Ufunguo wa nyumba kubwa ameutundika kwenye msumari juu ya swichi yake, na mpaka leo hajautumia.