Barua Niliyoandika Juu ya Miti ya Jirani

Kosa ni langu, na ninalisema kabla hujaanza kunihurumia. Mtu mzima, mwenye diploma ya chuo kikuu ukutani, nilishindwa kutembea hatua kumi na mbili hadi mlango wa jirani.

Tunakaa Dilala, mtaa wa Kolwezi, katika nyumba za zamani za kampuni ya mgodi. Kati ya kiwanja changu na cha jirani kuna uzio wa miti. Ulikuwa umelipita dirisha, ukalipita na bati. Lengalenga zangu, mchicha wa huku, zilikosa jua, zikawa nyembamba kama hoja zangu.

Jirani huyo, nimwite Tata Mukendi, wazazi wake walitoka mkoa wa Kasai, lakini yeye alizaliwa hapa hapa Kolwezi. Miaka kumi na tano tumeombana chumvi. Ningemwambia tu. Lakini rafiki yangu Kasongo, karani niliyesoma naye, alinicheka.

"Prof, weye mutu ya masomo, utaenda kulia ku mulango sawa mutoto? Andika ku commune. Tia na kwamba hajue desturi ya batu ya hapa. Utaona venye bataamuka."

Nilisita, labda dakika mbili. Kisha nikaandika: "Jirani huyu si mtu wa hapa, na desturi zetu hazijui." Nikaisoma kwa sauti, nikaona inakwenda vizuri. Majivuno ya msomi hayana dawa.

Wewe usiye wa huku, elewa. Tulikuwa vijana wakati watu wa Kasai walipofukuzwa katika miji hii, wakalala stesheni na mizigo yao wakingoja treni. Maneno kama yangu ndiyo yaliyotangulia. Nilijua.

Kasongo alijitolea kupeleka barua. Haikufika commune, ofisi ya serikali ya mtaa. Aliipeleka moja kwa moja kwa Tata Mukendi: "Tata, ona bile jirani yako anaandika. Mi nilimukataza."

Kesho yake asubuhi Tata Mukendi alikuja, barua mkononi. Hakupandisha sauti.

"Ile miti, baba yangu njo alipanda. Balitufukuza, tukalala ku stesheni, mudogo wangu akafia pale, kisha mi nikarudia hapa. Mi mwenyewe nilikuelezea, mu nyumba yako, tuko nakula. Ungegonga tu, Prof, ningekata."

Nikasema kwamba sentensi ile nilipewa na Kasongo. Akaitazama karatasi.

"Na mwandiko ni ya nani?"

Nilimfuata Kasongo, nikamwambia sentensi ile ni yake. "Mi?" akasema. "Signature yangu iko wapi?" Halafu akanivutia kiti, kama mgeni. Urafiki wa miaka thelathini! Siku hizi Jumapili yeye ndiye anayekula kwa Tata Mukendi.

Miti ilikatwa wiki ile ile, hadi magotini. Tata Mukendi aliikata mwenyewe. Sasa tunaonana kila asubuhi. Anamsalimia mke wangu, anasalimia watoto, anaishia hapo. Nimeomba msamaha mara tatu. Mara ya tatu alijibu, "Nilisikia," akaendelea kupalilia.

Wewe unayesumbuliwa na miti ya jirani, kabishe hodi. Akikutukana, tusi la mlangoni hupoa kabla ya chai. Na rafiki akikuletea sentensi kali ya kumchoma mtu, mpe kalamu aiandike yeye. Utaona atakavyokumbuka ghafla kwamba ana haraka.